Kitufe Kilichopona
Sehemu ya Tisa

Kililia.

Ndiyo, msomaji, kililia. Nyinyi mlioandika barua wiki nzima mkibisha kwamba kitufe cha piano kilichokufa miaka thelathini na moja iliyopita hakiwezi kulia tena, wekeni kalamu chini. Bi Kimya alikibonyeza kwa kidole chake cha kati, pale pale tulipomwacha, mbele ya bendi yake yote, na kitufe kikatoa sauti. Tena sauti safi, ndefu, yenye afya njema.

Bi Kimya aliondoa kidole haraka kama aliyegusa pasi.

"Nani amefanya hivi?" aliuliza.

Fundi piano alikuwa amesimama kando akijifuta mikono. Maskini, alidhani anatafutwa ili ashukuriwe.

"Mimi, mama," alisema, akainamisha kichwa kidogo. "Wala hakikunisumbua sana."

Kwa msomaji aliyeokota gazeti hili leo kwa kinyozi, tusimwache nje. Bi Kimya ni mwimbaji wa jazi na mpiga piano, na jina lake linamstahili. Siku ya kwanza kupanda jukwaani, msichana wa miaka kumi na tisa kwenye tamasha la alasiri katika ukumbi wa hoteli, alifika kwenye noti ambayo wimbo wote ulikuwa unaikimbilia, akabonyeza, pakawa kimya. Kwa hofu sauti ikamkauka. Bendi ikadhani huo ndio mpango, nayo ikasimama. Ukumbi mzima ukashika pumzi. Alipopata nguvu ya kuendelea, watu waliinuka wakapiga makofi mpaka mhudumu mmoja akaangusha sinia.

Kuanzia siku hiyo kila wimbo alioutunga uliongoza kwenye kitufe kile kile. Wasomi waliandika vitabu kuhusu kimya chake. Kuna mwanamume aliyemposa mchumba wake ndani ya kimya hicho, na mwingine aliyekitumia kumwambia wake kwamba yamekwisha. Kila alikoalikwa, Bi Kimya alikwenda na piano ile ile ya hoteli, aliyoinunua baadaye, wanaume sita wakiibeba, kwa sababu piano za watu wengine, alisema, zina maneno mengi. Fundi wake mzee alikuwa na amri moja tu: kaza vyote, kile usikiguse. Mzee huyo alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu, na amri akaenda nayo.

Na leo, saa kumi alasiri, redio ilikuwa imrushe hewani moja kwa moja na kumrekodi kwa ajili ya maktaba yake ya sauti. Wimbo mmoja, mara moja. Atakachopiga leo ndicho watakachosikia wajukuu wa wajukuu. Akishindwa, barua ya mkurugenzi ilisema wazi, wimbo huo huo utaimbwa na mwanafunzi wake wa zamani aitwaye Kasuku. Kasuku huimba nyimbo zote za mwalimu wake, na huziimba vizuri. Ila pale penye kimya, yeye huweka noti.

Redio, kwa wema wao, walikuwa wamemtafutia mgeni wao fundi wa kuikagua piano baada ya safari. Sasa ilikuwa saa saba na nusu mchana.

"Kirudishe," Bi Kimya alimwambia fundi.

"Nirudishe nini, mama?"

"Kitufe. Kiwe kama kilivyokuwa."

Fundi alicheka. Kisha akaona anacheka peke yake.

"Mama, kilikuwa kibovu."

"Najua kilikuwa kibovu. Hiyo ndiyo kazi yake."

"Baba yangu alikuwa fundi piano," fundi alisema taratibu, kwa sauti ya mtu anayeapa mbele ya hakimu. "Babu yangu alikuwa fundi saa. Kwetu tunatengeneza. Nikiharibu hiki kwa mikono yangu, nitamtazama nani usoni?"

"Utanitazama mimi."

"Hapana, mama. Nisamehe sana."

Ndipo shemeji akakohoa. Huyu ndiye mpiga besi wa bendi, mume wa dada yake Bi Kimya, mtu mwema, mrefu, asiyeongea mpaka akiwa na uhakika.

"Shemeji," alisema, "kwani lazima ukibonyeze? Ukifika pale, usibonyeze."

Wote walimgeukia kwa heshima. Kwa mpiga besi, lilikuwa wazo kubwa.

Wakaanza wimbo. Bi Kimya alikaribia mahali penyewe akiwa amekaza uso, amejiambia mara kumi, hapana, hapana. Alipofika, kidole kilikwenda chenyewe. Kililia.

Wakarudia. Kililia.

Dada mtu, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni na mkoba mapajani, akainuka. Huyu dada ndiye aliyemlea Bi Kimya. Ndiye anayejibu simu zake, anayemchagulia viatu, anayejua chai yake inataka sukari kiasi gani. Kuhusu muziki hana neno. Ukimuuliza atakuambia kwamba kwake yeye piano ni kabati lenye meno.

"Lete mkono, mdogo wangu," alisema, akakifunga kidole cha kati kwa leso, mafundo mawili.

Wakaanza tena. Kidole cha kati kilipokuwa kifungoni, kidole cha pete kikashika zamu. Kililia, na safari hii kwa kishindo zaidi.

Kuna jambo jingine baya lilijitokeza. Mpiga ngoma wao, mzee waliyemwita Radi, sikio lake la upande wa piano lilikuwa limestaafu siku nyingi. Yeye alijua ubeti umekwisha kwa kuona watu wote wametulia. Sasa hakuna aliyetulia. Radi aliendelea kupiga, wenzake wakaendelea kumfuata, wimbo wa dakika nne ukaingia dakika ya ishirini na mbili, hakuna aliyejua namna ya kutoka. Mwishowe shemeji alikwenda akamshika Radi mikono yote miwili.

"Wimbo umekuwa mrefu siku hizi," Radi alisema, akijifuta jasho.

Bi Kimya alikaa akiitazama piano yake. Aliogopa, na hakuona sababu ya kuficha. Alikuwa na miaka hamsini, hakuwa na mtoto, na kitu pekee alichotaka kibaki baada yake ni kile kituo kifupi ambapo watu huacha kupumua. Leo asubuhi alikuwa nacho. Sasa alikuwa na piano nzima kama ya mtu yeyote.

"Fundi," alisema, "basi nielekeze. Nitaharibu mwenyewe. Kilikuwa na ugonjwa gani?"

Fundi alisita. Akakunja kitambaa chake, akakikunjua.

"Mama, mimi nilidhani unajua. Kile hakikuwa na ugonjwa."

"Unasemaje?"

"Kilizibwa. Nimekuta ndani kitambaa kimekunjwa mara nne, kikashonwa kwa uzi, kikawekwa mbele ya nyundo yake isifike kwenye waya. Nimekitoa, nimekitupa. Aliyekiweka alijua anachofanya. Hakugusa kitufe kingine hata kimoja."

Studio nzima ilimtazama fundi.

"Panya hao," dada alisema.

"Panya anayeshona, mama?"

"Siku hizi kuna panya wa kila aina," dada alijibu, akafungua mkoba, akatazama ndani, akaufunga.

Bi Kimya alifungua kinywa kuuliza zaidi, na hapo hapo mlango ukafunguliwa. Aliingia Mkuu wa Vifaa.

Mkuu wa Vifaa wa redio ile alikuwa mwanamume mfupi, msafi, mwenye kalamu tatu mfukoni na faili moja kwapani. Alikwenda moja kwa moja kwenye piano, akalamba karatasi ndogo, akaibandika ubavuni. Karatasi ilisema: IMEKAGULIWA. NZIMA.

"Hongera," alimwambia Bi Kimya. "Hapa kila kifaa kinachoingia kikikaguliwa kikawa kizima, lazima kitoke kizima."

"Hii ni piano yangu."

"Ni yako ukiwa nje ya geti, mama. Ndani ya geti iko mikononi mwangu."

"Nataka kuharibu kitufe kimoja."

Mkuu wa Vifaa hakushtuka hata kidogo. Alifungua faili.

"Kuna fomu ya uharibifu," alisema. "Tarehe ya uharibifu?"

"Leo."

"Saa ngapi ulitokea?"

"Haujatokea. Nataka utokee kabla ya saa kumi."

Aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi. "Hapo ndipo penye tatizo. Fomu hii ni ya uharibifu uliokwisha kutokea. Uharibifu ujao hauna fomu."

"Basi nikiharibu kwanza, halafu nikaja kujaza?"

"Ukishaharibu, karibu sana, tutajaza. Lakini kuharibu hakuruhusiwi."

Shemeji alikaa chini. Alisema kichwa kinamzunguka.

Mkuu wa Vifaa alivuta kiti, akakiweka kando ya piano, akakalia, akaweka faili magotini. Ilikuwa saa nane unusu, na uso wake ulisema ana muda wa kutosha.

Kutoka kwenye korido ilisikika sauti nyembamba, tamu, ikijinyoosha kidogo kidogo. Halafu Kasuku mwenyewe akachungulia. Alikuwa amevaa gauni jeupe lililopigwa pasi mpaka likakubali.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Nimekuja kukutakia heri tu. Nimesikia piano imepona." Kasuku alitabasamu. "Mimi siku zote nilisema pale pana noti. Watu wakanicheka."

"Toka, mwanangu."

"Natoka, mwalimu. Nipo hapo hapo mlangoni."

Akatoka, na huko koridoni akaiimba noti ile, mara moja, laini. Ililingana na kitufe kilichopona kama nguo iliyopimwa. Bi Kimya alifumba macho.

Shemeji hakuvumilia. Nimeshawaambia ni mtu mwema, na watu wema wakifikishwa pabaya hufanya mambo. Alimwomba Mkuu wa Vifaa amwonyeshe swichi ya feni, iliyokuwa ukutani nyuma ya pazia. Mkuu alipoinuka kumwonyesha, shemeji alirudi hatua tatu, akavua kiatu, akavua soksi, akafunua kifuniko cha juu cha piano, akahesabu waya, akaisokomeza soksi ndani, akafunika. Yote hayo kabla feni haijashika kasi.

"Jaribu, shemeji," alinong'ona.

Bi Kimya alibonyeza kitufe. Kililia.

Akabonyeza kingine. Kikalia. Akapita vitufe vyote kimoja kimoja, mpaka kule mwisho kabisa, kwenye sauti nyembamba ambako mkono wake haufiki mara mbili kwa mwaka. Huko kitufe kimoja kilikuwa bubu.

Shemeji alihesabu sawasawa. Alihesabu waya thelathini na tisa. Ila alianzia upande aliodhani ni wa waya nene, kama mpiga besi yeyote, na piano ile ukiifungulia kwa nyuma, upande wa nene uko pale ambapo yeye hakuwa amesimama.

"Hiki nacho kinahusu nini?" aliuliza Mkuu wa Vifaa, aliyekuwa amerudi na kusimama nyuma yao. Alivuta soksi kwa ncha ya kalamu. Akaitazama juu na chini. "Soksi. Moja. Ya kijivu. Haikuandikishwa getini."

"Ni yangu," shemeji alisema.

"Iliingia ikiwa imevaliwa?"

"Ndiyo."

"Sasa haijavaliwa. Hilo ni badiliko la hali ya kifaa." Akaiandika. Aliandika mistari saba juu ya soksi ile, na alipomaliza ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. "Hii lazima ipigwe muhuri, na muhuri uko ofisini. Fundi, twende, wewe ni shahidi."

"Mimi?"

"Ulikuwepo."

Fundi alimfuata kwa unyonge. Mlango ukafungwa. Piano ikabaki bila mlinzi.

Wote waliitazama. Shemeji alianza kuvua soksi ya pili.

"Acha, shemeji," Bi Kimya alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Aliyejua pale mahali ni fundi peke yake, na fundi hataki. Mwiteni Kasuku. Mwambieni aingie."

Hakuna aliyekwenda kumwita Kasuku.

Dada aliweka mkoba chini. Aliinuka, akanyoosha gauni lake, akaichukua ile leso iliyofunguliwa kutoka kwenye kidole cha mdogo wake. Akaikunja mara mbili. Akaikunja tena mara mbili. Alikwenda kwenye piano akafunua kifuniko, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, huku uso wake ukitazama ukuta kabisa, upande mwingine. Mkono ulikaa ndani kwa muda wa kuhesabu tano. Hakupapasa wala hakuhesabu waya.

Akatoa mkono mtupu, akafunika, akarudi kwenye kiti chake.

"Bonyeza," alisema.

Bi Kimya alibonyeza. Kimya.

Shemeji alishusha pumzi ndefu. Radi, aliyeona watu wote wametulia, akapiga pigo la mwisho wa ubeti kwa mazoea. Bi Kimya alibonyeza mara ya pili, ya tatu. Kimya kilikuwa kile kile, chake, mpenzi wake wa miaka thelathini na moja. Aliinua macho kumshukuru dada yake.

Dada alikuwa anatazama viatu vyake.

"Dada," Bi Kimya alianza.

Taa nyekundu ikawaka.

Nyinyi mliowahi kuingia studio mnajua. Taa ile ikiwaka, hata mbu hunyamaza. Nyuma ya kioo fundi mitambo alinyoosha vidole vitatu, viwili, kimoja. Mkuu wa Vifaa alitokea kule nyuma ya kioo mbio mbio, muhuri mkononi, akaona taa, akasimama kama alivyo. Fundi piano alikuwa ubavuni kwake. Kasuku alijipenyeza katikati yao.

Bi Kimya alianza kupiga.

Alipiga vizuri. Aliimba vizuri zaidi, kwa hasira iliyokuwa haijajijua bado. Wimbo wenyewe wengi mnaukumbuka, ule wa mwanamke aliyekaa dirishani na chai imepoa mara mbili. Mikono ilifanya kazi yake, kichwa kilifanya yake. Kichwa kilisema: kabati lenye meno. Kilisema: mkono mpaka kiwiko, na uso ukutani.

Ubeti wa kwanza ulifika mwisho wake. Kidole kikashuka. Kimya.

Kwa kawaida kimya cha Bi Kimya huchukua hesabu ya nne, kisha yeye huinua kichwa, Radi akamwona, wakaendelea. Safari hii aliinua kichwa akakigeuzia kwenye kiti cha pembeni. Nne zikapita. Nane zikapita. Nyuma ya kioo fundi mitambo alianza kuzungusha vitu.

"Ulijuaje pa kuweka mkono?"

Hakuuliza kwa sauti kubwa, lakini vipaza sauti vya redio vimetengenezwa kwa ajili ya sauti ndogo. Kote nchini watu waliokuwa wanaosha vyombo walifunga bomba wasikie vizuri.

Dada alitazama taa nyekundu. Akamtazama mumewe. Akasema, "Kwa sababu nilishaweka mara ya kwanza."

"Lini?"

"Siku ile. Asubuhi ya tamasha lako."

"Kwa nini, dada?"

"Mwenye ukumbi alisema atachukua mmoja wetu. Tuliimba wote wawili mbele yake, umesahau? Mimi nilikuwa niimbe wiki iliyofuata. Nilitaka ukwame. Ukwame mara moja tu, mbele za watu, anichukue mimi. Watu wakasimama wakakupigia makofi. Nilibeba ile aibu nikarudi nayo nyumbani."

"Ukaniambia koo lina kidonda. Ukasema daktari amekukataza kuimba."

"Hakuna daktari aliyeniona."

Besi ilimtoka shemeji mkononi, akaidaka. Alikuwa amekaa na mwanamke yule miaka ishirini na minane na hakuwahi kumsikia akiimba, hata bafuni.

Bi Kimya alikasirika mpaka akasikia masikio yanachemka. Vitabu vyote vile vya wasomi, zile safari, lile jina lake. Miaka thelathini na moja alikuwa anainamisha kichwa kupokea sifa za kimya chake, na kimya hakikuwa chake. Kilikuwa cha mtu aliyetaka aanguke, na mtu huyo ndiye aliyemfunga vifungo vya gauni kila jioni ya onyesho. Na katikati ya hasira ile kulikuwa na kitu kingine kilichomuuma zaidi: dada yake alikuwa amekaa kwenye viti vya pembeni maisha yake yote, na yeye hakuwahi kumuuliza mara ya pili kuhusu lile koo.

Alinyoosha mkono, akavuta mkono wa chuma wa kipaza sauti, akaugeuza kutoka kwenye uso wake.

"Njoo hapa."

"Mdogo wangu, tuko hewani."

"Ndiyo maana nakuita. Ubeti wa pili ni wako. Leo nchi nzima iseme yule bwana angemchukua nani."

Dada hakusogea. Bi Kimya akapiga. Radi aliona mikono inakwenda, akaingia kwa furaha, akiamini kimya kile kirefu kilikuwa mtindo mpya. Shemeji akafuata, mguu mmoja una soksi, mmoja hauna. Mistari minne ya kupisha ikapita. Mkoba ukiwa umerudi kwenye kiwiko, dada aliinuka, akaenda kwenye kipaza sauti, akasimama mbele yake kwa namna ambayo mtu asiyejua muziki hasimami.

Akaimba.

Neno la kwanza lilitoka na kutu kidogo. La pili halikuwa nayo. Kufikia mwisho wa mstari, fundi mitambo alikuwa ameacha kuzungusha vitu, Mkuu wa Vifaa ameshusha muhuri, na Kasuku, aliyekuja kungoja zamu yake, alikuwa ametoa kijidaftari anaandika. Ilikuwa sauti pana, yenye joto, isiyo na haraka. Shemeji alikuwa analia na hakujificha.

Bi Kimya alijua muziki kuliko wote mle ndani, na hakuhitaji mstari wa pili. Dada alikuwa anaimba kuliko yeye. Asingeshinda siku ile kama si kitambaa, na sasa si yeye peke yake aliyejua hivyo. Nchi nayo ilijua.

Mistari miwili ilibaki. Dada alikuwa amefumba macho, anaipanda ngazi ya wimbo kuelekea noti ile, ile ambayo kabla ya leo hakuna aliyewahi kuisikia kwenye piano hii, na kwa sauti hiyo angeifikia bila kuchoka. Akiifikia, kimya kimekwisha. Maktaba itahifadhi hivyo, na wajukuu wa wajukuu watasikia hivyo.

Mkono wa kushoto wa Bi Kimya ulikuwa bado unampigia. Wa kulia ulikuwa umeshika kifuniko cha juu cha piano, na yeye mwenyewe hakujua bado kama atakifunua aitoe leso, au atakibamiza ili noti ya dada isisikike.